Mteja Si Mtumiaji

Mpango ulikuwa wa mikopo. Oktoba 2005, wafanyabiashara wadogo wa Nairobi na Thika, wasiofika 500, waliingizwa kwenye jaribio la kulipa marejesho kwa simu ya mkononi. Walikuwa wanachama wa vikundi vya taasisi ya mikopo ya Faulu Kenya, waliozoea kukutana na kulipa kwa fedha taslimu. Sasa wangempa wakala noti zao, namba ingesomeka kwenye simu, na deni lingepungua bila mtu kubeba kibunda njiani. Fedha zenyewe zingehifadhiwa Commercial Bank of Africa. Mtandao ulikuwa wa Safaricom, programu iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge, na gharama ziligawanywa kati ya Vodafone na mfuko wa serikali ya Uingereza. Mawakala walikuwa wanane tu. Kitu hicho kipya kikaitwa M-Pesa.

Susie Lonie, aliyetumwa na Vodafone kusimamia jaribio, alitazama miamala ikipita na kuona mambo ambayo hayakuwamo kwenye karatasi zake. Kuna waliolipa mkopo wa mwenzao ili wapewe huduma fulani badala yake. Wengine waliweka fedha kwa wakala mji mmoja, wakapanda gari, wakazitoa saa chache baadaye mji mwingine. Walikuwa wameigeuza simu kuwa kibindo ambacho mwizi haoni. Wenye maduka makubwa kidogo walilaza mauzo yao ndani ya M-Pesa kwa sababu benki zilifunga mapema kuliko mawakala. Wengine walinunua muda wa maongezi na kuwarushia jamaa zao wa mashambani, ukawa ni msaada wa nyumbani kwa njia ya mzunguko. Na mwanamke mmoja, mumewe alipoibiwa akakwama, alimtumia fedha za nauli ya basi ili arudi nyumbani.

Faulu kwa upande wake ilikuwa ikihangaika. Utaratibu wake wa hesabu haukuoana na mfumo mpya, na kulinganisha vitabu vya vikundi na rekodi za simu kukawa mzigo. Kwa hiyo waliobuniwa huduma walikuwa wakiitumia kwa jambo jingine, na taasisi ambayo huduma ilijengwa kufuata taratibu zake ilikuwa ikiumia.

Anayemjua fundi cherehani wa sare za shule hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Mzazi ndiye anayelipa. Ndiye anayepatana bei, na ndiye anayesema suruali iachwe ndefu ili ifike mwakani. Atakayeikunja kila asubuhi, na kuburuta pindo lake kwenye matope, ni mtoto. Fundi ana watu wawili mbele yake na mara nyingi humsikia mmoja. Katika utengenezaji wa programu za kompyuta, mzazi huitwa mteja na mtoto huitwa mtumiaji, na kwa miaka mingi ipo kazi nzima inayoishi kwa kumkumbusha fundi kwamba mtoto yupo. Leo mwenye kazi hiyo hujulikana kama mbunifu wa uzoefu wa mtumiaji, au ofisini kwa kifupi, mtu wa UX. Namna alivyoingia katika timu za programu, na namna alivyokaribia kubaki nje, ina historia ndefu kuliko jina lake.

Tuanze na vitufe vya simu. John Karlin alizaliwa Johannesburg mwaka 1918, akasomea saikolojia, na mwaka 1945 akaajiriwa na maabara za Bell nchini Marekani, mahali palipojaa wahandisi. Kazi yake ilikuwa kuwachunguza watu. Kuna kisa chake maarufu: kampuni ilitaka kupunguza matumizi ya shaba, lakini haikujua waya wa mkono wa simu ufupishwe kiasi gani. Karlin hakuuliza mtu. Alifanya nyaya za simu za wenzake ofisini zifupishwe kwa siri, inchi moja moja, mpaka walipoanza kulalamika. Walistahimili kupoteza futi nzima kabla ya kugundua.

Ilipofika zamu ya kuondoa gurudumu la kuzungushia namba, kikundi chake kilijaribu mipangilio mingi ya vitufe kwa watu wa kawaida: mistari miwili ya vitano vitano, duara linalofanana na gurudumu la zamani, mpangilio wa mashine za kujumlishia wenye saba, nane na tisa juu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1960. Mpangilio ulioshika ni ule wenye moja, mbili na tatu juu, na sifuri peke yake chini. Simu za vitufe ziliingia sokoni Novemba 1963, na ni vitufe hivyo hivyo ambavyo yule mwanamke alibonyeza kumtumia mumewe nauli.

Karlin alikuwa na maabara, muda na mshahara wa uhakika. Wanordiki waliifikia hoja ya kumtazama mtumiaji kwa mlango mwingine, ule wa vyama vya wafanyakazi. Kati ya 1981 na 1985 mradi ulioitwa UTOPIA uliwakutanisha watafiti wa Sweden na Denmark na wapiga chapa wa magazeti, watu ambao kompyuta ilikuwa inakuja kuwanyang'anya ufundi wao. Mashine za kuwaonyesha hazikuwapo bado. Basi wakazitengeneza kwa mbao na makaratasi. Sanduku tupu la kadibodi liliandikwa ubavuni kwamba ni printa ya leza, likawekwa mezani, na mpiga chapa akafanya kazi kana kwamba printa iko pale, huku watafiti wakitazama mkono wake unakwenda wapi. Mtu haogopi kukosoa sanduku la kadibodi. Mbele ya mashine ya fedha nyingi angenyamaza na kujilaumu mwenyewe.

Jina la kazi lilikuja baadaye. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Don Norman alijiunga na Apple akajiita msanifu wa uzoefu wa mtumiaji. Alitaka neno litakalobeba zaidi ya skrini: kufungua boksi, kusoma maelekezo, kuchanganyikiwa, kupiga simu ya msaada. Neno likaenea haraka kuliko kazi yenyewe.

Wakati huo huo, katika vyumba vya waandishi wa programu, ugomvi ulikuwa mwingine kabisa. Ulianzia mbali: mwaka 1970 mhandisi Winston Royce alichora hatua za kutengeneza mfumo zikishuka moja baada ya nyingine kama maporomoko ya maji: mahitaji, uchambuzi, usanifu, uandishi, majaribio, na uendeshaji kule chini kabisa. Aliandika pia kwamba kufanya kazi hivyo ni kujitafutia hatari. Inaonekana wengi waliukopi mchoro wakaacha maneno. Kwa miaka zaidi ya 20 miradi mikubwa iliendeshwa kwa mtindo huo, na mara nyingi kosa la mwezi wa kwanza liligunduliwa mwaka wa tatu, fedha zikiwa zimekwisha.

Upinzani ulikusanyika polepole. Wajapani wawili, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliandika mwaka 1986 kuhusu timu zinazosonga mbele pamoja kama wachezaji wa raga. Kutoka kwenye mchezo huo Ken Schwaber na Jeff Sutherland wakachukua jina la skramu kwa mbinu yao ya kazi, wakaieleza hadharani mwaka 1995. Mwaka 1996 Kent Beck aliitwa kuokoa mfumo wa mishahara wa kampuni ya magari ya Chrysler. Kutokana na kazi hiyo akatoa mbinu ya kuandika programu wawili wawili, kujaribu kila siku, na kumkalisha mteja chumba kimoja na timu ili aulizwe papo hapo. Mfumo ulianza mwaka 1997 kulipa watu wapatao 10,000. Ukafutwa mwaka 2000, Chrysler ikiwa tayari mikononi mwa Wajerumani wa Daimler, lakini mbinu ilikwisha toka nje ya geti.

Kumleta mteja chumbani kulikuwa hatua kubwa, na haifai kuibeza. Ila tazama mahali ilipozaliwa. Katika mfumo wa mishahara, karani wa mishahara ndiye anayejua kinachotakiwa na ndiye atakayeutumia. Mzazi na mtoto ni mtu mmoja. Ukiihamishia mbinu hiyo kwenye duka la intaneti au programu ya hospitali, mtu anayeketi na timu huwa ni meneja, ambaye hatashika kitu hicho saa nane za usiku akiwa na mgonjwa mbele yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Februari 2001, wanaume 17 walikutana kwa siku tatu katika hoteli ya watelezaji theluji ya Snowbird, milima ya Utah. Beck, Schwaber na Sutherland walikuwamo. Walitoka na tamko fupi la njia nyepesi ya kutengeneza programu, ile inayoitwa ajaili, na kuliambatanisha na kanuni 12. Ni maandishi mazuri, na yalibadilisha ofisi nyingi duniani. Lakini ukiyasoma kwa kalamu mkononi utaona kitu. Mteja ametajwa ndani ya tamko lenyewe na katika kanuni mbili za mwanzo. Mtumiaji ametajwa mara moja tu, katika kanuni ya nane, na hapo ni pamoja na wafadhili na waandishi, kuhusu kwenda kwa mwendo usiowachosha. Usanifu unasifiwa, ila ni usanifu wa msimbo. Anayetazama mkono wa mtu ukitafuta kitufe hakuwa na kiti mle.

Mgongano haukuchelewa. Januari 2002 mwandishi mmoja wa habari za teknolojia aliwakutanisha Beck na Alan Cooper kwa mahojiano, na mahojiano yakawa mabishano. Cooper si mtu wa kupuuzwa. Yeye ndiye aliyeiuzia Microsoft mwaka 1988 programu iliyozaa sura ya Visual Basic, kisha akageuka kuwa mtetezi wa watumiaji na kuwafundisha wabunifu kumchora mhusika wa kubuni, mwenye jina na tabia, ili timu iache kusema "mtumiaji" kana kwamba ni upepo. Alishikilia kwamba mbunifu amalize kazi yake kwanza, kabla ya mstari mmoja wa msimbo kuandikwa. Programu aliilinganisha na jengo la ghorofa 50 au bwawa kubwa, ambapo zege likimwagwa limemwagwa. Beck alikataa ulinganisho huo moja kwa moja. Kwake msimbo haugandi. Na ukimweka mbunifu mlangoni akiwa na faili lake, umejenga upya yale yale maporomoko, na timu nzima itapanga foleni kumsubiri.

Wote wawili walikuwa na haki nusu, jambo linaloudhi kwa msomaji anayetafuta mshindi. Cooper alijua kwamba timu inayokwenda mbio bila kumwona mtumiaji hufika haraka mahali pasipotakiwa. Beck alijua kwamba faili la kurasa 200 huzeeka kabla ya kufunguliwa.

Aliyeumia ni mbunifu wa kawaida katika ofisi ya kawaida. Jumatatu timu inagawana kadi za kazi za wiki mbili. Mwandishi wa programu anataka mchoro wa skrini kufikia Jumatano, kwa sababu Alhamisi atakuwa amekaa bure. Kumpata mtumiaji, kupanga naye saa, kumtazama, kurudi na kurekebisha, hakuingii katika siku mbili. Mara nyingi mbunifu huyo alihudumia timu tatu au nne, akikimbia kikao hadi kikao. Akaishia kuitwa mwishoni, nyumba imekwisha ezekwa, achague rangi ya kuta.

Dawa iliyoenea zaidi ilitoka Toronto. Kampuni ya Alias ilitengeneza programu za uchoraji na uchongaji wa picha kwa kompyuta. Maya, inayotumiwa na watengeneza filamu, ilikuwa yake. Watumiaji wake walikuwa wasanii na wabunifu wa magari, watu wenye mikono mizoefu na uvumilivu mdogo. Lynn Miller aliongoza kundi la wabunifu lililofanya kazi kwenye SketchBook Pro, programu ya kuchora kwa kalamu juu ya skrini, timu zilipokuwa zikihamia ajaili. Alieleza uzoefu huo mwaka 2005. Mwenzake Desirée Sy akaufafanua kwa kirefu katika makala ya Mei 2007, wakati Alias ilikwisha nunuliwa na Autodesk.

Utaratibu wao unaelezeka kwa urahisi, ingawa kuuishi ni shughuli. Kazi hukimbia kwenye njia mbili zinazokwenda sambamba, moja ya waandishi na moja ya wabunifu, kwa vipindi vya wiki mbili hadi nne. Waandishi wakiwa wanajenga sehemu ya pili, wabunifu hushika mambo matatu kwa pamoja: wanaipeleka sehemu ya kwanza, iliyokwisha jengwa, kwa watumiaji na kutazama inavyowatenda, wanachora ya tatu na kuijaribu kwa mifano ya haraka, wanakusanya habari kwa ajili ya ya nne. Mwanzoni kabisa, ambapo wabunifu hawajawa na cha kukabidhi, waandishi hupewa kazi za ndani zisizo na sura ya skrini. Mbunifu hutangulia hatua moja na kubaki nyuma hatua moja, kama mchungaji anayekwenda mbele kutafuta njia kisha anarudi kuhesabu mkia wa kundi.

Faida haikuwa kasi peke yake. Wazo baya lilikufa likiwa bado mchoro, kabla ya kumgharimu mwandishi hata siku moja. Ubunifu mkubwa ulibidi ukatwe vipande vidogo, na hilo lilikuwa gumu kwa watu waliozoea kuiona nyumba yote kabla ya kuweka tofali. Ripoti ndefu nazo zilififia. Matokeo ya majaribio yalisimuliwa kwa mdomo katika vikao vya timu, na tatizo likaandikwa kwenye kadi na kubandikwa ukutani pamoja na kadi za wengine. Mbunifu alipoacha kuandika vitabu, ilimlazimu awepo chumbani kila siku. Pengine hilo ndilo lililombadilisha zaidi.

Mwaka 2008 mkutano mkuu wa watu wa ajaili ulifanyika Toronto. Mmoja wa waliopewa jukwaa kuu alikuwa Alan Cooper.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi, na si yote yanayostahili kusimuliwa. Jake Knapp alibuni zoezi la siku tano, maarufu kupitia Google Ventures, ambalo Jumatatu huanza na swali na Ijumaa huishia kwa watumiaji watano kujaribu mfano wa bandia. Jeff Gothelf na Josh Seiden walichapisha mwaka 2013 kitabu kinachomtaka mbunifu aache kukabidhi michoro na aanze kukabidhi majibu. Zana za kuchorea pamoja kupitia intaneti, kama Figma iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2016, zilimwezesha mwandishi kuuona mchoro ukiwa bado unachorwa. Zilimwezesha pia kila bosi kuweka maoni yake kwenye kila kitufe, ambayo ni baraka ya aina yake.

Mfano wa serikali ya Uingereza ndio unaostahili kusimama. Idara yake ya huduma za kidijitali iliundwa mwaka 2011, na Oktoba 2012 ikafungua GOV.UK, anwani moja badala ya utitiri wa tovuti za wizara. Mbunifu na mtafiti wa watumiaji waliketi ndani ya timu moja na waandishi, na kila mwanatimu, hata asiyechora wala kutafiti, alihimizwa kutazama watumiaji halisi kwa angalau saa mbili kila baada ya wiki sita. Kuanzia mwaka 2014 huduma mpya zilipimwa kwa vigezo 26 kabla ya kuruhusiwa. Kimojawapo kilimtaka waziri mhusika aijaribu huduma yake mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho. Mzazi akalazimishwa kuivaa suruali aliyomwagizia mtoto.

Turudi Kenya. Jaribio la 2005 lilipokwisha mwaka uliofuata, Lonie na Nick Hughes, mwenzake wa Vodafone aliyelianzisha wazo, walikuwa na mafaili mawili mezani. Moja lilikuwa la mteja: taratibu za mikopo, marejesho, hesabu za vikundi. Jingine lilikuwa la mambo ambayo watu walijifanyia wenyewe. Hakuna hata mmoja kati ya wawili hao aliyekuwa mbunifu kwa ufundi. Walitoka upande wa biashara. Lakini walifanya jambo ambalo timu nyingi zenye wabunifu wanaolipwa vizuri hushindwa kulifanya, yaani walilifunga faili la mteja.

Menyu iliyobaki ilikuwa fupi na ilikaa ndani ya laini yenyewe ya simu: kutoa fedha, kumtumia mtu, kununua muda wa maongezi. Huduma ilizinduliwa Machi 2007 kwa tangazo la kutuma pesa nyumbani, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa na watumiaji zaidi ya 1,000,000. Vodacom iliipeleka Tanzania mwaka 2008, na huko mwanzo ulikuwa wa kujikokota. Ilibidi bei na mtandao wa mawakala virekebishwe ndipo watu wakaikubali. Mtumiaji wa Thika hakuwa mtumiaji wa Tabora.

Mikopo, ile iliyokuwa sababu ya jaribio lote, ilirudi kwenye simu za Wakenya Novemba 2012 kwa jina la M-Shwari. Benki iliyoitoa ilikuwa Commercial Bank of Africa, ile ile iliyohifadhi fedha za wale wafanyabiashara wasiofika 500.